Nyumba Yenye Ilikuwa Chini ya Wino

Asubuhi hapa Mususa, mu Butembo, ukungu inafika ku dirisha yangu mbele mimi niamuke. Inakaa pale mpaka saa tatu, siku ingine saa ine. Mimi nakunywa chai na kuangalia bilima bikitoka moja moja: kwanza kichwa ya ile yenye iko na kanisa, kisha miti ya eucalyptus, kisha mabati ya batu. Macho yangu imechoka, mais mukono ingali inajichorea yenyewe ku meza. Bajukuu banacheka. Bananiita mukaka, mama muzee, banasema: mukaka anamuandikia nani? Simuandikie mutu. Ni mipaka. Miaka mingi nilikuwa dessinatrice, muchoraji wa karte, ku bureau ya ardhi, na mukono haijapata habari kama kazi iliisha.

Juzi bamoja kati yenu, ninyi batoto benye mumeanza kazi ya kupima, mulikuja kunionyesha ile telefone yenye inajua fasi ya mutu. Mukasema, mama Katungu, siku hizi tunasimama tu ku kona ya parcelle, ya kiwanja, inatupatia hesabu yote. Nilifurahi sana. Nikaishika, nikasimama mu mulango yangu, ikaniweka mu choo ya jirani. Mukacheka, mukasema leo réseau, ule mtandao wenu, iko mubaya. Hata sisi tulikuwa na siku zenye réseau ilikuwa mubaya, na hatukuwa na réseau.

Donc mukaniomba niwaandikie vile tulikuwa tunafanya kazi. Naandika. Mais nitaweka ndani na kitu yenye sikuwaambia ile siku mulikuwa munakula mandazi yangu, juu haya ilinikamata.

Mimi nilitaka kuwa mushonaji. Niliingia bureau ya ardhi juu papa mumoja, papa Kasereka, aliniona nikikata kitambaa ku soko bila kuchora na chaki. Alisimama pale muda murefu mpaka nikafikiri eko na kichwa mubaya. Kisha akaniuliza: «Ukikata, unavuta pumzi ao unaitoa?» Nikasema sijui. Akasema: «Unaitoa. Kuya bureau siku ya kwanza.» Njo vile nilipata kazi. Alikuwa mupimaji mukubwa wa bureau yetu, mutu mufupi, na koti moja ya kaki yenye mifuko mingi, na mu kila mufuko kulikuwa kitu: misumari, chumvi, sindano, limau moja.

Yeye njo alinifundisha karatasi ya calque, ile yenye unaona ngambo yake. Ukikosea, unachukua wembe mupya, unaulaza kabisa, unakwaruza wino pole pole sawa mutu anatoa magamba ya samaki mudogo, kisha unapitisha ukucha mpaka fasi irudi laini. Ukisahau ukucha, wino ya pili inakunywewa na karatasi, inafanya miguu. Usichore nyuma ya kunywa kahawa. Usichore ukiwa umegombana na mutu. Wakati wa mvua, calque inavimba, asubuhi muji yote inakuwa kubwa kidogo kuliko jana. Mimi nilipenda ile. Nilikuwa napenda kufikiri kama kweli, wakati wa mvua, Butembo inavimba, na sisi ndani hatusikie.

Kosa yangu ya kwanza ilikuwa nzi. Alitua ku wino mubichi, akatembea, akafia mu bonde moja ya karte. Nikamutoa, mais alama ikabaki, duara nyeusi. Nikasema nitaikwaruza kesho. Kesho yake nilikuwa na malaria. Mwenzangu akakopi ile karte, akaona duara, akafikiri ni maji, akaitia rangi ya bleu. Mwengine akaikopi ile ya bleu na akaandika «étang», ni kusema bwawa. Mwaka ulipita. Siku moja agronome, bwana wa kilimo, akatoka Beni na buti ku miguu na bidon ya samaki badogo, ati anatafuta étang yetu. Papa Kasereka alimusikiliza muzuri sana, akamupa chai, kisha akaniita na kusema: «Katungu, umusindikize bwana mpaka aione.» Tulizunguka ile bonde siku muzima, mimi na agronome na samaki zake. Mpaka leo nikiota ile bonde, ndani kuna maji.

Papa Kasereka hakuwa mutu wa kugombeza. Alikuwa anakuachia tu kosa yako utembee nayo.

Ku Kasindi, karibu ya barrière ya mupaka ya inchi, alinifundisha ingine. Tulitumwa kupima viwanja kwenye ba déclarants ba douane, bale ba karatasi za forodha, na bacambistes, bale ba kubadilisha pesa, balikuwa banataka kujenga. Kila mutu alitaka awe mbele, balori zimuone yeye kwanza. Tukapiga piquets, bijiti bya mupaka, mu udongo, tukaenda kula bugali na samaki. Tulipofika tena, piquets zilikuwa zimetembea. Moja ilikuwa imeingia mpaka mu duka. Mimi nilitaka kulia. Papa Kasereka akaketi chini karibu ya mama mumoja mwenye alikuwa anauzisha ndizi, akanunua, akamenya, akala, kisha akamuuliza piquets zilikuwa wapi. Ule mama hakuinuka. Akazionyesha zote na muguu. Nyuma yake nilielewa kama mu kazi yetu inafaa uulize bamama kwanza, juu mama wa soko anakaa fasi moja kutoka asubuhi, na mama wa maji anapita njia moja kila siku ya Mungu. Wanaume banajua mupaka yenye bazazi balibaambia. Bamama banajua ile yenye iko.

Na mbele ya kuchora, kutembea. Ile ilikuwa sheria yake moja tu. Hata mustari ya mita kumi, alikuwa anaitembea. Nilikuwa namucheka. Nilikuwa namwambia, papa, karte iko hapa, bilima biko hapa ku meza, miguu yako itaisha bule. Yeye alikuwa anavaa kofia yake na kwenda.

Sasa nafika ku vita. Munajua, wakati ile, kila kitu ilikuwa sawa iko nyuma ya calque: unaiona, mais kidogo tu. Batu balikuwa banatoka mu ukungu asubuhi na kurudia ndani. Ku barrière basoda balikuwa banazungumza Lingala, na siku ingine luga yenye hatukuijua. Mouvement moja, kundi ya waasi, ilikuwa inatawala huku kwetu, kisha ingine, na kila yenye kufika ilikuwa inaanza na kubadilisha mihuri. Sisi ku bureau tuliendelea kuchora. Ilikuwa ajabu, mais mutu anazoea. Ukiwa umeinamia meza na kalamu iko mu wino, vita inakuwa mbali sana, sawa redio ya nyumba ya tatu.

Siku moja commissaire, mukubwa wa mouvement mu muji, akaingia mu bureau yetu. Nilifikiri atapiga makelele. Hapana. Alikuwa mutu wa adabu, na miwani, mwenye alisoma. Aliangalia karte zangu ku ukuta, moja moja, mikono nyuma, akasema: «Mama dessinatrice, hizi ni kazi za mikono safi.» Hakuna mukubwa alikuwa amenisemea vile. Akarudi kesho yake na mandazi mu karatasi, na mu mufuko ya koti, maharagi.

Alinielezea jambo yake bila kuficha. Mouvement ilitaka kuunda baraza ya muji, batu tisa. Muji itakatwa secteurs tisa, kila secteur itatuma mutu mumoja. Batu batapanga mustari nyuma ya mutu wabo, tutabahesabia, basi. Kazi ya kwanza ya ile baraza itakuwa kukubali ao kukataa kambi ya basoda juu ya kilima ya Vuhangira.

Vuhangira munaijua, ni ile ya pembeni, yenye mashamba ya poireaux, bitunguu ya majani marefu. Juu yake kulikuwa maternité ndogo ya kanisa, nyumba ya kuzalia, vyumba tatu na bati. Muke ya papa Kasereka, mama Kavira, njo alikuwa anazalisha pale. Nyumba yabo ilikuwa ku mutelemuko wa ile kilima, katikati. Kambi ikipanda pale, maternité ingetoka, na mashamba, na batu polepole nyuma yake. Kilima yote ilikuwa inasema hapana. Hata batoto ba Vuhangira balikuwa banasema hapana.

Commissaire akamimina maharagi ku karte yangu. Mekundu ilikuwa batu benye hawapendi mouvement, meupe benye banaipenda ao banaiogopa. Akapanga. Ku Vuhangira mekundu tupu. Kando kando yake, secteurs tatu zenye meupe ilipita mekundu kidogo. «Angalia, mama,» akasema. «Kilima ikibaki nzima, mekundu iko na kiti yake. Hesabu: tano bananikatalia, ine banakubali. Mais kilima ukiikata sawa mukate, kipande kwa huyu jirani, kipande kwa ule, kipande kwa ule mwengine, mekundu inamezwa fasi zote, na kiti yenye imebaki tunaipatia mutaa ingine ya meupe. Tano banakubali, ine banakataa. Hakuna mutu alihama. Hakuna mutu alipigwa. Roho ya mutu inaomba miaka kuigeuza. Mustari, unaigeuza chai yako haijapoa.»

Ninyi mutasema alinilazimisha. Ningependa kuandika vile. Ukweli, alikuwa na basoda inje, mais ndani ya bureau hakunilazimisha. Alijaribu kukata kilima yeye mwenyewe na akashindwa, kila mara kipande moja ilikuwa inabaki na mekundu mingi. Alitoa miwani, akapangusa. Na mimi, batoto bangu, nilisikia mikono inaniwasha. Nikasema: «Acha nijaribu.» Nikapitisha mustari chini ya kanisa, nikaizungusha nyuma ya shamba ya poireaux, nikaishusha kwenye njia ya maji, nikasukuma maharagi na kidole. Ikaenea. Meupe ilipita fasi zote tatu. Commissaire akacheka kwa furaha sawa mutoto, na mimi pia nikacheka. Kichwa ikanivimba. Ile siku sikufikiri maternité hata kidogo. Nilifikiri vile mustari inapinda muzuri.

Nilichora ile karte kwa siku tatu, na wino nyeusi, na kalamu nene juu commissaire alitaka mipaka ionekane mbali. Mistari ilikuwa laini mpaka nilikuwa naota niko natembea juu yake bila viatu.

Papa Kasereka alikuwa Mavivi, anapima pembeni ya uwanja wa ndege. Alirudi na vumbi ku kofia, akaona calque ku meza yangu. Aliiangalia muda murefu, bila kuigusa.

«Ulitembea?» akaniuliza.

«Hapana, papa. Haikuomba kutembea. Ni mambo ya baraza tu.»

«Mm.»

«Balinituma, papa.»

«Nilisikia ulicheka,» akasema. Kisha akarudisha kofia yake ku kichwa, akatoka. Hakurudi bureau. Nilijiambia eko amechoka, nilijiambia nitapanda Vuhangira siku ya posho, ni kusema Jumamosi, nimuelezee. Posho ikafika, nikapata kazi ya kufua. Posho ya pili ikafika. Kisha bakaniambia papa Kasereka eko mugonjwa ya kifua, na mbele nitafute mutu wa kunisindikiza, bakaniambia alikufa.

Nilipanda kwenda ku matanga mukono mutupu. Njia yote nilikuwa natafuta maneno. Mama Kavira alikuwa ameketi mu mulango ya jikoni na kitambaa ku kichwa. Nilipiga magoti, nikaanza: «Mama, mimi njo…» Akanikatiza. Akasema: «Keti. Birayi ni mingi, menya.» Nikaketi, nikachukua kisu, nikamenya viazi. Sikumenya birayi mingi namna ile mu maisha yangu. Kilima nzima ilikuwa pale, chini ya bâche ya plastike, mu rugo ya nyumba, mu shamba, Baprotestanti na Bakatolike, juu papa Kasereka alikuwa amebapimia wote.

Kulikuwa kitu ingine yenye munapaswa kujua. Commissaire alikuwa ametoa sheria moja ya ile siku ya mistari, siku ya kuchagua baraza, ikasomwa mu makanisa yote: mutu atapanga mustari mu secteur kwenye alilala. Alifanya ile juu ya basoda yake, abalalishe kwenye meupe ilikuwa inapungua. Sheria ya muzuri sana, kwake.

Matanga kwetu inakwenda siku mbili tatu, familia inakaa pamoja, kisha batu banafagia, banaombea, kila mutu anarudi kwake. Siku ya tatu pasteur akamufikia mama Kavira na sauti ya chini, akauliza kama batapanga maombi ya kufunga. Mama Kavira akasema bado.

«Mpaka siku gani, mama?»

«Mpaka siku ya mistari.»

Alisema vile tu, na akarudisha macho ku moto. Pasteur aliangalia bâche, aliangalia bale batu bote benye balilala pale, wa kipande ya juu, wa kipande ya nyuma, wa kipande ya chini, ku njia ya maji, bote sasa ku rugo moja. Akakaa chini. Mimi nilikuwa na kirayi mu mukono na kisu, nikaanza kuhesabu batu. Kilima yenye mimi niliikata vipande tatu, ule mama aliirudisha moja na maiti ya bwana yake.

Na mimi pia nililala pale.

Siku ya mistari, ukungu ilikuwa nzito kupita siku zote. Tulitelemuka mpaka uwanja wa secteur ya chini, juu batu bote balikuwa banasema nyumba ya papa Kasereka iko ya chini. Sikuona miguu yangu. Nilikuwa nasikia tu batu mbele na nyuma, kukohoa, batoto ku migongo, viatu mu majani ya mvua. Hata leo najiuliza kama tulikuwa batu ao tuliota pamoja. Bakapanga nyuma ya mwalimu Muhindo, mwenye alikuwa mutu wa kilima. Nyuma ya muchuuzi mwenye commissaire alimuchagua bakapanga bale bengine. Mustari ya mwalimu iliingia mu ukungu na haikuwa na mwisho. Mimi nilisimama ndani yake. Wenye kuhesabu balihesabu mara mbili, bakatuma mutu amuite commissaire.

Commissaire akafika na calque yangu chini ya kwapa. Hakukasirika. Akaniona mu mustari, akatabasamu kidogo, akaniita mbele ya batu bote.

«Mama dessinatrice, hii nyumba ya matanga iko secteur gani? Kama iko ya juu, bale batu balipaswa kupanga kule juu, na kule tumekwisha kufunga hesabu. Tuonyeshe mustari yako.»

Akaifungua juu ya ngoma moja ya mafuta. Nikainama. Nikatafuta nyumba ya papa Kasereka na kidole, na sikuiona. Ile kalamu nene, ku ile karte, unene wake ulikuwa mita ine, mita tano ya udongo, na nyumba ilikuwa ndani ya ile weusi. Nilikuwa nimemufunika papa yangu wa kazi na wino, yeye na jikoni na mulango, juu sikuinua muguu kwenda kuona kwenye nilikuwa napitisha. Machozi ilinitoka pale pale, mbele ya basoda. Commissaire alifikiri ni woga.

«Basi tupime,» akasema.

Tukapanda wote. Juu kulikuwa borne, ile jiwe ya ciment ya kupimia. Kutoka borne, mustari yangu ilikuwa mita mia moja. Nyumba kama haifike mia, ni ya secteur ya juu, kilima imepoteza. Ikipita mia, ni ya chini. Nikasimama ku borne nikaangalia ukuta ya nyumba kule chini, na macho yenye ilikuwa imezoea ikaniambia mbele ya kamba ya kupima: haifike mia. Batu balikuwa banasubiri. Mama Kavira alikuwa ametoka mu mulango na kusimama na mikono ku kifua.

Batoto, sikieni muzuri, juu hii ni kazi yenu. Ku mutelemuko, kamba haiko ya kulazwa. Unaishika sawa sawa hewani, kiwango moja na tumbo, unateremusha fil à plomb, uzi yenye chuma nzito ku mwisho, unashuka kwa hatua hatua sawa ngazi. Njo urefu ya kweli ya karte. Ukiilaza ku udongo, inafuata tumbo ya kilima, na kilima inakuongezea mita. Mutu mwenye hajui kazi haone tofauti. Ni kamba ile ile, nambari ni zile zile.

Soda mumoja alishika mwisho wa kamba. Mimi nikainama, nikailaza mu majani.

Tulishuka vile, mara tano. Ku ukuta ya nyumba nikasoma kwa sauti: mia moja na moja. Commissaire akainama, akasoma yeye mwenyewe. Kisha akanyanyua macho, akaniangalia mimi, akaangalia kilima, na miwani yake ilikuwa na maji ya ukungu. Sijui kama alijua. Mara ingine naota kama alijua. Akasema: «Mia na moja. Bon.» Akaandika ile nambari ku pembeni ya calque, akaikunja, akaenda zake.

Mwalimu Muhindo aliingia mu baraza. Tano balikataa, ine balikubali. Kambi haikupanda Vuhangira. Maternité ilibaki na vyumba yake tatu.

Kambi ikapanda kilima ingine. Niliuliza ni gani, bakaniambia, na mimi sikumujua mutu kule. Kule pia kulikuwa mashamba, na bamama. Hii siipendi kuiandika mais niliahidi kuweka yote.

Commissaire hakunifukuza. Alinituma Mavivi, miezi mingi, kupima majani pembeni ya uwanja wa ndege, kazi yenye hakuna mutu alikuwa ameomba. Nilikuwa nashika kamba sawa sawa hewani kila mara, hata kwenye ni tambarare. Joto, panzi, ndege kubwa inatua mara moja moja na kila kitu inalala chini. Nilikuwa nawaza papa Kasereka alipita hapa na viatu vyake.

Niliporudi Butembo nilipanda kumusalimia mama Kavira. Nilikuwa nangojea, nawaambia ukweli, nilikuwa nangojea anisifu. Akanipa chai. Akasema aksanti sana mu luga yetu, wasingya, wasingya kutsibu, kwa maternité. Akaweka kikombe yake chini.

«Nilipoolewa,» akasema, «sikuwa na batoto bado, nilikuwa nabeba kamba ya bwana yangu. Mwaka muzima. Alikuwa anaishika hewani. Mukono ilikuwa inamuuma mais kamba haikugusa chini.»

Akachukua tena kikombe yake.

«Niliona vile uliilaza, Katungu. Aksanti. Mais hapa kwetu usipime tena.»

Haikuwa hasira. Alinishika mukono na kunirudisha mpaka ku njia. Mutoto yangu wa mwisho nilimuzaa ku maternité yake, na yeye mwenyewe alimupokea, akamuosha, akaniwekea ku kifua. Tuliishi sawa dada. Kupima, hapana.

Mouvement ile ilikwisha, commissaire alikwenda kwenye banaendaka. Baraza ikasahauliwa. Mais mistari yangu ilibaki. Hakuna mutu alichora ingine, karatasi ilikuwa ile moja, ikageuka mipaka ya cellules, mitaa ya serikali, na mpaka leo batu ba Vuhangira banalipa kodi huku, banapata vyeti kule, ndugu na ndugu. Ninyi mukienda kupima pale, munashangaa juu ya nini mupaka inazunguka shamba ya poireaux. Ni juu ya maharagi.

Kisha maternité ikataka karatasi ya ardhi yenye kukamilika. Mama Kavira alikuwa ameshakuwa mzee sana. Akaita mupimaji kutoka Beni, bwana mwenye mvi, mutu mutulivu. Alipima siku mbili. Siku ya tatu akanifikia huku Mususa na calque yangu ya zamani, imekuwa njano, na daftari yake.

«Mama,» akasema, «karte yako, na ile mia na moja iliandikwa pembeni, inaweka nyumba ya marehemu Kasereka upande wa chini. Mimi nimeshuka mara tatu, napata tisini na nane: iko upande wa juu, mita mbili. Sitaki kukukosea heshima. Niandike gani?»

«Andika ile ulipata.»

«Na ile ya kwako, nitasema ilitoka wapi?»

Nikamuomba kalamu, juu niliona haya inamukamata kuandika kosa ya mama muzee. Ku pembeni ya calque, kwenye tunawekaka mambo ya marekebisho, niliandika: kamba ililazwa chini kwa makusudi. Nikaweka jina yangu yote, Katungu na ya baba, na nikamurudishia.